Shahawa zikibadilika rangi, njoo mapema tuzungumze

Asubuhi moja ya Julai, baridi ya Mbeya ikiwa bado haijaachia, kijana mmoja aliingia chumbani kwangu akiwa na koti zito. Alisubiri muuguzi atoke, ndipo akatoa mfukoni kipande cha kanga kilichokunjwa mara nne. Ndani yake kulikuwa na doa la kahawia, kama chai ya rangi iliyokauka.

"Shikamoo daktari. Hiki ndicho kinachonitoka nikiwa na mke wangu."

Alikuwa amekaa nacho miezi 3. Alishameza vidonge vya rangi mbili kutoka duka la dawa, akanywa na mizizi ya kuchemsha, na siku hizo alikuwa akilala kwenye kochi ili mkewe asione.

Swali langu la kwanza lilikuwa alikulia wapi. Akasema Shinyanga, akichunga na kuogelea kwenye malambo. Usangu walihamia baadaye na ng'ombe wa baba yake. Nikamwomba alete mkojo wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, maana huo ndio wakati mayai ya kichocho hutoka kwa wingi. Yalikuwemo. Kichocho hiki hakiishii kwenye kibofu: mayai yake hukwama pia kwenye tezi dume na vifuko vya shahawa, yakawasha humo hadi damu ikatoka. Dawa yake, prazikwanteli, ipo. Ile aliyomeza kwa miezi 3 haiui kichocho.

Shahawa za kawaida ni nyeupe zenye ukijivu kwa mbali. Zinatoka nzito, kisha ndani ya nusu saa hivi zinalegea na kuwa majimaji. Sehemu kubwa ni maji ya vifuko vya shahawa na ya tezi dume; mbegu zenyewe ni asilimia chache tu. Kwa hiyo mwanamume anayejiona hana uzazi kwa sababu shahawa zake ni nyepesi anajihukumu bure, hasa kama alikutana na mwenzi wake jana na juzi. Mbegu huhesabiwa kwa hadubini. VVU pia havionekani kwa rangi wala kwa uzito. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi mengi zaidi nchini, na bado nakutana na watu wanaojipima kwa macho.

Rangi ya manjano mara nyingi inatokana na kukaa muda mrefu bila kutoa shahawa, au mkojo kidogo kuchanganyika humo. Ikiendelea, au macho nayo yakawa ya manjano, njoo.

Ukijani, harufu mbaya, usaha kwenye uume au maumivu wakati wa kukojoa, hapo tunafikiria kisonono, klamidia na wenzao. Njoo na mwenzi wako. Ukitibiwa peke yako mtarudishiana ugonjwa, na kisonono kimeshazoea dawa nyingi za kununua kiholela.

Damu ndiyo inayotisha zaidi. Kwa aliye chini ya miaka 40, ikitokea mara moja bila maumivu, kwa kawaida ni mwasho mdogo wa ndani unaopona wenyewe. Hata hivyo tutakupima mkojo, magonjwa ya ngono na shinikizo la damu, kwa kuwa presha iliyopanda sana nayo inaweza kuleta damu hiyo. Kifua kikuu pia kinaweza kushambulia viungo hivi, kwa hiyo tuambie kama umewahi kukiugua. Aliyechukuliwa kinyama cha tezi dume kwa ajili ya kupimwa asishtuke akiona damu kwa wiki kadhaa.

Lakini mzee wangu uliyevuka 40, damu ikijirudia, au mkojo ukawa unatoka kwa kusuasua, au mgongo unauma na mwili unapungua, usisubiri msimu wa mavuno uishe. Tutapima kwenye damu PSA, yaani protini ya tezi dume inayoweza kupanda kukiwa na saratani, na tutaipapasa tezi dume kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Najua kipimo hicho kinaogopwa kuliko ugonjwa wenyewe. Kinachukua chini ya dakika moja, mlango ukiwa umefungwa.

Shahawa zikipungua sana au zikaacha kutoka kabisa, tutajie kama una kisukari, na dawa unazotumia, zikiwemo za tezi dume. Wakati mwingine shahawa zinarudi nyuma kwenye kibofu, na utaona mkojo wa baada ya tendo una ukungu.

Korodani ikiuma ghafla na kuvimba, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Ikiwa imejisokota, una kama saa 6 za kuiokoa.

Ukiambiwa ulete shahawa kwa kipimo cha uzazi, kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa. Tumia kikopo cha maabara. Usitumie kondomu wala sabuni. Zifike ndani ya saa moja, na huku kwetu usizibebe mkononi wala kwenye mfuko wa nje wa koti, maana baridi inazilegeza mbegu na majibu yatakudanganya. Weka kikopo kwapani, ndani ya shati. Dirishani sema tu, "Nimeleta sampuli." Hakuna atakayekuuliza zaidi mbele za watu.