Je, wajua? Kwa nini anayeacha pombe hukesha kwanza ndipo alale

Muulize mnywaji wa kila siku kwa nini haachi, na jibu moja litakuja upesi: "Bila kupiga mbili tatu, silali." Wala hasemi uongo. Akiacha leo, usiku wa kesho utamkuta ameikodolea dari macho, jasho linamtoka na moyo unamwenda mbio. Baada ya wiki moja hivi usingizi huanza kurudi, ila unakuja na ndoto za ajabu, hadi mwenzake anamtikisa kwa kuweweseka. Hapo wengi huirudia chupa, wakiamini ndiyo iliyokuwa ikiwalaza. Kumbe kukesha huko ni deni lililoachwa na chupa hiyohiyo.

Ubongo una kemikali moja inayopoza, GABA, na nyingine inayochangamsha, glutameti. Pombe huipa nguvu ya kwanza na kuibana ya pili, ndiyo maana mnywaji hulegea. Lakini ubongo haukubali kulegezwa kila jioni. Siku baada ya siku hujirekebisha: vipokezi vya GABA, yaani sehemu za seli zinazoipokea kemikali hiyo, hupungua makali, vya glutameti huongezeka, ili mtu aweze kusimama na kufanya kazi hata akiwa na pombe mwilini. Ni mchezo wa kuvuta kamba. Pombe inavuta huku, ubongo unavuta kule, na kwa miaka kamba inaonekana imetulia. Pombe ikiiachia ghafla, ubongo huanguka upande uliokuwa ukivutia, yaani upande wa kuamka. Vipokezi hurudi mahali pake, ila kwa wiki na miezi.

Na usingizi wa mlevi, je, ulikuwa usingizi? Nusu yake tu. Usiku wa kawaida huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, minne hadi sita. Ndani yake kuna usingizi mwepesi, kuna mzito unaoukarabati mwili, na kuna wa ndoto, ambao macho huchezacheza chini ya kope. Huo wa mwisho ulielezwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, na huwa mrefu zaidi kadiri alfajiri inavyokaribia. Pombe humwangusha mtu haraka na kumzamisha kwenye usingizi mzito mwanzoni, huku ikimnyima ule wa ndoto. Kisha pombe yenyewe inaisha, na nusu ya pili ya usiku inaharibika.

Saa inapoishia unaweza kuikadiria. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi. Mwili wa mtu mzima huondoa takriban gramu 8 hadi 10 kwa saa, na supu ya moto au maji ya baridi havibadilishi kasi hiyo. Aliyeanza saa 12 jioni akamaliza chupa nne ana gramu 80 za kuondoa. Zitakwisha kati ya saa 8 na saa 10 usiku, muda uleule anaoshtuka mdomo umekauka, anakwenda msalani, kisha hapati hata lepe la usingizi. Safari hiyo ya msalani nayo ina sababu: pombe huizuia homoni inayoziamuru figo zihifadhi maji. Kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 kina gramu 55, karibu sawa na bia tatu. Gongo na chang'aa havina hesabu, maana hakuna aliyepima nguvu yake.

Sasa ameacha. Dalili huanza saa 6 hadi 24 tangu tone la mwisho: kutetemeka, jasho, kichefuchefu, wasiwasi, kukosa usingizi. Mara nyingi hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Hapa pana hatari ya kweli. Mtu aliyezoea kuzimua asubuhi ili mikono itulie, au aliyewahi kuanguka kifafa alipojaribu kuacha, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Kifafa huja zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo. Kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyopo huja kati ya siku ya pili na ya nne, na hali hiyo huua. Ni ya kukimbizwa hospitali, ambako hupewa dawa za kutuliza kwa dozi inayopunguzwa hatua kwa hatua, pamoja na vitamini B1. Tusilichukulie kama suala la kukosa usingizi tu.

Hatari hiyo ikipita, hubaki usingizi wa mang'amung'amu: unachelewa kuja, unakatikakatika, na usingizi mzito ni haba. Kwa wengi hali huwa nafuu baada ya wiki kadhaa. Kwa aliyekunywa sana kwa miaka mingi, mabaki yake huweza kuonekana hata baada ya mwaka. Ndoto ndizo zinazowatisha watu zaidi, na kwa maoni yetu hazistahili hofu hiyo. Ubongo ulionyimwa usingizi wa ndoto hufidia kwa pupa, hivyo ndoto huwa nyingi, ndefu na kali. Ya kawaida kabisa ni kuota umekunywa, ukaamka na hatia tele. Hujanywa. Habari njema huja kimyakimya: misuli ya koo hailegezwi tena kupita kiasi, kwa hiyo kukoroma hupungua, na anayelala naye huwa wa kwanza kugundua.

La kufanya? Kosa kubwa ni kulala mapema ili kufidia. Anayeingia kitandani saa 2 usiku wakati usingizi wake ni wa saa sita tu amejipangia saa kadhaa za kugaagaa, na kitanda hugeuka mahali pa mateso. Chagua saa maalumu ya kuamka, tuseme saa 12 asubuhi, uifuate kila siku, hata Jumapili na hata kama umelala kwa muda wa saa tatu tu. Uchovu wa mchana huo ndio mtaji wa usiku unaofuata, kwa hiyo usinzie dakika 20 tu, kabla ya saa 9 alasiri. Ukikaa kitandani kama dakika 20 bila kupata usingizi, ondoka, kaa penye mwanga hafifu, rudi ukisinzia. Usitazame saa.

Kafeini huchukua kama saa tano kupungua kwa nusu, na walioacha pombe huelekea kuhamia kwenye chai ya rangi, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu bila kujua wanajiwekea kikwazo. Kikombe cha mwisho kiwe saa 6 mchana. Sigara na miraa pia huchangamsha, hata kama mtumiaji anahisi zinamtuliza.

Piriton ya duka la dawa, ambayo wengi huitumia kama dawa ya usingizi, huzoeleka ndani ya siku chache na huacha uzito wa kichwa asubuhi. Diazepamu, dawa ya kutuliza, ukijinunulia mwenyewe ni mbaya zaidi: inafanya kazi kwenye vipokezi vilevile vya GABA vilivyozoeshwa pombe, na ikichanganywa na pombe huweza kusimamisha pumzi.

Mwezi ukikatika bila nafuu, nenda kwa daktari. Huenda ni sonona, miguu inayochezacheza kwa upungufu wa madini ya chuma, au pumzi inayokatika usingizini. Mtajie kiasi ulichokuwa ukinywa kwa siku na tarehe ya kinywaji cha mwisho, bila kupunguza chupa hata moja, kwa sababu dawa anayompa mgonjwa mwingine wa usingizi huenda isikufae wewe.