Kumficha mtu siyo kumfungulia mlango tu: dhana potofu kuhusu waliowaficha Wayahudi

Ikiletwa stori ya watu waliowaficha Wayahudi vita vya pili vya dunia, Wanazi wa Ujerumani wakiwasaka kuwaua, wengi wanawaza shujaa mmoja, usiku, anafungua mlango, familia inaingia, yameisha. Jamani hapana. Ukimficha mtu umejitwika kumlisha, na wakati ule chakula kilikuwa cha kadi ya mgao, sasa aliyejificha kadi anaitoa wapi? Chukua nyumba ya mtaa wa Prinsengracht kule Amsterdam, Uholanzi, alikojificha Anne Frank, yule binti wa Kiyahudi aliyeandika shajara, wamejibanza juu ya ofisi na stoo, watu 8 kuanzia Julai 1942 mpaka Agosti 1944. Kati ya waliowasaidia anayetajwa sana ni Miep Gies, mfanyakazi wa ofisi hiyo, lakini walikuwepo pia Bep Voskuijl, Kleiman na Kugler, halafu mume wa Miep akihangaika kupata kadi kwa njia za panya, halafu muuza mboga ambaye alimfungia Miep viazi vingi vingi bila kuuliza anampelekea nani (naye nyumbani kwake alikuwa ameficha Wayahudi wawili, akaja kukamatwa). Mchana huko chini stoo kuna wafanyakazi wasiojua siri, basi juu hakuna kuvaa viatu, choo hakivutwi maji mpaka watu watoke kazini. Siku moja tu ya hivyo ni ndefu, wao ni zaidi ya miaka miwili.

Nyingine inayosambazwa sana ni kwamba mfalme wa Denmark alivaa nyota ya njano, ile alama Wanazi waliyowalazimisha Wayahudi kuvaa, ili kuwaunga mkono. Hakuvaa, na Denmark amri ya nyota haikuwahi kutolewa. Kilichotokea ni Oktoba 1943, Wayahudi zaidi ya 7,000 walivushwa kwenda Sweden, wengi kwa boti za wavuvi, na ndiyo, wavuvi wengi walilipwa. Wamevuka wamepona, mimi hilo la hela halinisumbui.

Eti walioficha ni Wakristo peke yao? Albania Waislamu wengi waliwaficha, na vita ilipoisha nchi ilikuwa na Wayahudi wengi kuliko ilipoanza. Sarajevo, Bosnia, kuna mama Zejneba Hardaga, Muislamu, yeye na mumewe walimficha rafiki yao Myahudi, Kabiljo. Na Berlin kwenyewe, daktari Mmisri Mohamed Helmy, ambaye Wanazi walishamfunga, alimficha binti wa Kiyahudi Anna Boros mpaka vita ikaisha.

Ila inayoniuma ni hii ya "mbona hawakuwaficha wengi zaidi, walikosa huruma". Adhabu haikuwa sawa kila mahali. Miep hakufungwa. Poland kumficha Myahudi ilikuwa kifo, na ukoo mzima ulikuwa hatarini. Kijiji cha Markowa, tarehe 24 Machi 1944, Wajerumani walifika kwa Józef na Wiktoria Ulma, wakawaua Wayahudi 8 waliokuwa wamefichwa, wakamuua baba, wakamuua mama akiwa na mimba, kisha watoto wao wote 6. Majirani walijua kilichotokea. Na bado nyumba nyingine palepale Markowa ziliendelea kuficha watu, karibu 20 wakatoka hai.