Bonde la Youghiogheny kwa baisikeli: anza na mwinuko, kisha tairi

Njia ya Great Allegheny Passage, inayounganisha Cumberland, Maryland, na Pittsburgh, Pennsylvania, ina urefu wa kilomita 240, na ukiondoa makutano ya barabara na vipande vifupi vya mitaani, hukutani na gari. Sehemu kubwa imelala kando ya mto Youghiogheny (wenyeji wanauita Yok tu) na tawi lake, Casselman. Wengi wanaouliza habari za njia hii huanza na swali la baisikeli gani inafaa. Mimi nasema anza na mwinuko, kwa sababu ndio utakaoamua uondokee upande gani, ulale wapi na ubebe mzigo kiasi gani.

Chini ya tairi lako ni tuta la reli. Kwenye sehemu ya milimani, reli ya Western Maryland iliachwa mwaka 1975. Kipande cha kwanza cha njia ya baisikeli kilifunguliwa karibu na mji mdogo wa Ohiopyle mwaka 1986, na kiungo cha mwisho kikakamilika mwaka 2013. Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza kwenye mlima, kwa hiyo wajenzi walihakikisha mwinuko hauzidi asilimia 2. Mto ulipopinda nao walipinda, mlima ulipowaziba walitoboa handaki, na bonde lilipokatiza walijenga daraja. La Salisbury, karibu na Meyersdale, lina zaidi ya mita 580.

Kilele kiko kwenye mgawanyo wa maji, mita 729 juu ya usawa wa bahari. Mvua inayonyesha upande mmoja inaenda mto Potomac na bahari ya Atlantiki. Ya upande wa pili inaingia Casselman, kisha Yok, kisha Ohio na Mississippi. Kutoka Cumberland hadi hapo ni kilomita 38 na unapanda kama mita 540, yaani mita 14 kwa kila kilomita, bila kupumzishwa na mteremko. Kutoka Pittsburgh, kupanda kwa kiasi hicho hicho kumetandazwa kwenye kilomita 200 na ushee: hadi mji wa Confluence, ambako mito inakutana, ni mita moja na kitu tu kwa kilomita, na kuanzia Confluence kwenda juu inakuwa kama mita 5.

Hizo mita 5 ndizo zinazowadanganya watu. Kwa macho njia ni tambarare kabisa, lakini mwendo unashuka kutoka kilomita 18 kwa saa hadi 13, miguu inauma, na msafiri anasimama kuinua gurudumu na kulizungusha akidhani breki inashika. Breki haina kosa. Tazama maji ya Casselman: yanakuja dhidi yako. Punguza gia moja, kanyaga kwa wepesi, na usijipangie zaidi ya kilomita 65 siku hiyo kama umebeba hema.

Ushauri wangu kwa asiye na mazoea ni kuanzia Cumberland. Mlima unaumaliza siku ya kwanza ukiwa na nguvu. Hesabu muda wa saa nne pamoja na kupumzika, halafu kilomita zilizobaki zote unafuata maji. Kwenye kipande hicho cha kwanza, hadi Frostburg, njia inakwenda sambamba na reli ya treni ya watalii, na handaki la Brush mnalitumia pamoja. Ukisikia honi, subiri nje.

Sasa changarawe yenyewe. Ukichota konzi moja utaona si kokoto za barabarani. Ni jiwe la chokaa lililosagwa, punje kubwa zikiwa kama mchele na nyingine laini kama unga. Unga huo ndio gundi. Ukipata unyevu kidogo na kushindiliwa, unashikana kama sakafu ya udongo iliyopigwa vizuri, na baisikeli inakwenda karibu kama kwenye lami. Maji yakizidi, gundi inakuwa uji. Wakati mbaya kuliko wote ni mwisho wa majira ya baridi, Machi hivi, barafu iliyoganda ardhini inapoyeyuka: juu panaonekana pakavu, chini ni laini, na tairi jembamba linachimba mfereji unaobaki pale hata baada ya njia kukauka. Siku kama hizo ni kuahirisha safari, kwa faida yako na ya watakaopita baadaye.

Tairi la milimita 35 linatosha wakati wa kiangazi. Mimi napendelea 40, na mwenye mizigo achukue 45. Kwa mtu wa kilo 75 mwenye mzigo wa kilo 10, tairi la 40 lenye tyubu, weka psi (kipimo cha upepo kwenye pampu) 32 mbele na 38 nyuma. Ukijaza hadi 60, kama wengi wanavyofanya kwa kuogopa pancha, tairi linadunda juu ya punje badala ya kuzimeza, na viganja vinakufa ganzi kabla ya saa sita mchana. Ukishuka chini ya 28 nyuma, ukingo wa rimu utaibana tyubu kwenye jiwe na kuitoboa matundu mawili sambamba. Ukiona matundu hayo mawili, usitafute mwiba kwenye tairi; ongeza upepo.

Uji wa chokaa hula cheni. Baada ya mvua, usipake oili juu ya uchafu, maana unatengeneza msasa. Mwagia maji ya chupa taratibu, zungusha pedeli kinyume huku umeishika cheni kwa kitambaa hadi kitambaa kitoke safi, iache ikauke dakika kumi, ndipo uweke tone moja kwa kila kiungo na kufuta yanayozidi. Wenye breki za rimu wafute pia mipira ya breki, maana punje zikinasa humo hukwaruza rimu kila unaposhika.

Ajali nyingi za njia kama hizi hazitokei porini bali kwenye makutano, palipo na vigingi vya kuzuia magari. Mkiwa kundi, wa mbele anakiona kigingi, wa nyuma anaona mgongo wa mwenzake tu. Achaneni urefu wa baisikeli tatu, na wa mbele akikiona kigingi atamke kwa sauti. Oktoba, majani yakianguka, mawe yaliyoporomoka kutoka kwenye genge hufichika chini yake.

Kati ya Connellsville na Ohiopyle kuna kilomita 27 bila duka, na simu mara nyingi haishiki. Beba lita mbili za maji, tyubu mbili, viraka na pampu. Upande wa chini, kuelekea McKeesport, utaona vijito vimeacha rangi ya machungwa kwenye mawe. Hicho ni chuma kutoka migodi ya zamani ya makaa ya mawe. Kichujio cha kambini huondoa vijidudu lakini hakiondoi madini yaliyoyeyuka, kwa hiyo jaza chupa mijini.

Kurudi ulikoanzia, treni ya Amtrak inasimama Pittsburgh, Connellsville na Cumberland mara moja kwa siku kila upande. Nafasi za baisikeli ni chache, kata tiketi yake pamoja na yako.

Kabla ya kulipia chochote, angalia kama handaki la Big Savage liko wazi. Liko kilomita mbili na kitu kabla ya kilele ukitokea Cumberland, lina urefu wa kilomita moja hivi, na milango yake hufungwa majira ya baridi, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, ili barafu isipasue kuta. Likifungwa, hakuna njia nyingine salama ya kulizunguka. Likiwa wazi, taa zimo, lakini vua miwani ya jua kabla ya kuingia, washa taa yako, na uwe na koti karibu hata Julai.