Chura wa Kihansi: yanayosemwa na ukweli wake

"Ni chura kama hawa wa mtaroni." Hapana. Makazi yake yote ya asili yalikuwa takriban hekta 2 tu kando ya maporomoko ya Mto Kihansi, katika Milima ya Udzungwa nchini Tanzania, na hajawahi kuonekana porini popote pengine duniani. Maji yalipoanguka yalirusha manyunyu usiku na mchana, majani yakawa yamelowa mwaka mzima. Bila manyunyu hayo, chura huyu hana maisha.

"Hutaga mayai dimbwini kama wengine." Huyu huzaa. Mayai hurutubishwa tumboni, watoto hukulia humo humo na kutoka wakiwa vyura kamili wa takriban milimita 5, bila kupitia hatua ya kiluwiluwi wa majini. Jike mwenyewe hafikishi sentimita 3, na ngozi ya tumbo lake ni nyembamba kiasi kwamba akiwa na mimba, mara nyingi watoto huonekana kwa ndani.

"Ilibidi tuchague, chura au umeme." Kauli hii imerudiwa sana, nami naiona kuwa ndiyo iliyomdhulumu chura huyu kuliko zote. Aligunduliwa mwaka 1996, mradi wa bwawa la umeme wa megawati 180 ukiwa tayari unajengwa. Maji mengi ya mto yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo mwaka 2000, manyunyu yakakata na vyura wakapungua vibaya. Ndipo yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia maji pale korongoni. Kufikia Juni 2003 vyura walikadiriwa kuwa karibu 20,000, na umeme ulikuwa unazalishwa vilevile.

"Bwawa peke yake ndilo lililowamaliza." Bwawa liliwadhoofisha, hilo halina ubishi. Lakini miezi michache baada ya hesabu hiyo ya 2003 waliporomoka ghafla, na vyura waliokufa walikutwa na kuvu wa kitridi, ambaye hushambulia ngozi na ameua vyura katika nchi nyingi.

"Wamarekani walituibia." Takriban vyura 500 walipelekwa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, mwishoni mwa 2000 kwa ridhaa ya Serikali ya Tanzania. Wengi walikufa mwanzoni. Hakuna aliyekuwa amewahi kuwafuga. Waliobaki wakazaliana, huko na katika bustani ya wanyama ya Toledo, pia Marekani. Mwaka 2009 chura huyu alipotangazwa kutoweka porini, hao ndio waliokuwa wamesalia. Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 kundi la kwanza likaachiwa korongoni Kihansi, chini ya manyunyu ya mabomba.