Mashine ya kupima uongo haipimi ukweli

Pesa ikipotea kwenye depo ya unga, hapa Lubumbashi hakosi mtu wa kusema: "Walete ile mashine ya kupima uongo, ukweli utajulikana." Uongo utajulikana, pengine. Ukweli ni jambo lingine.

Mashine yenyewe, poligrafu, inaandika pumzi, msukumo wa damu na jasho la vidole wakati mtu anajibu maswali. Basi. John Larson, polisi wa Berkeley huko Marekani, aliitengeneza mwaka 1921, na mpaka leo inapima woga kuliko uongo. Aldrich Ames, aliyekuwa akiwauzia Warusi siri za CIA, shirika la ujasusi la Marekani, aliipita mwaka 1986, akaipita tena 1991.

Sasa tuseme inakuja nyingine isiyokosea kamwe. Hapo ndipo wengi wanateleza. Kusema uongo ni kutamka jambo ambalo wewe mwenyewe hulisadiki. Mashine italinganisha mdomo na moyo wa msemaji. Haitatoka nje kwenda kuangalia kilichotokea. Shahidi wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, aliyeona kofia nyekundu gizani, akasadiki ni ya jirani yake, atapita bila shida, na jirani atalala kasho, yaani mahabusu.

Au chukua mtoto anayeitwa mchawi. Sheria ya Kongo ya kulinda mtoto ya 2009 inamwadhibu anayemsingizia, lakini mambo hayo bado yapo. Mtoto wa miaka minane akiambiwa kila siku, nyumbani na kwenye maombi, kwamba usiku anakula watu, mwishowe anaweza kulisadiki na kuungama. Mfungie ile mashine isiyokosea: hadanganyi. Shangazi aliyemshitaki naye hadanganyi. Mchungaji pia. Watu watatu wakweli, na hakuna aliyeliwa.

Sisemi maisha hayatabadilika. Muuza gari la mtumba ataulizwa mara moja tu habari ya injini, na mgombea ataona haya kuahidi lami asiyoikusudia. Atakayekataa kupimwa atahesabiwa mwenye kosa papo hapo, na haki ya kunyamaza itabaki kwenye karatasi. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi, ila ni habari ya siku nyingine.

Kwa leo naomba hili tu, ndugu zangu: msiseme mashine itatuambia kilichotokea. Itatuambia nani anasadiki anachokisema. Kama gunia lilipotea kwa sababu karani alihesabu vibaya, wafanyakazi wote watapimwa, wote watapita, na itabidi mtu afungue daftari ahesabu upya.