"Kumzuia afisa": shtaka la pili ambalo watu hulidharau

Jumatatu asubuhi kortini Malindi ni zamu ya waliokamatwa wikendi. Wanatolewa selo na nguo zao za Ijumaa, wanabanana kwenye benchi, karani anaanza kusoma. Huyu hana leseni ya bodaboda, yule kakutwa na chang'aa, wa tatu kapigana. Na mara kwa mara, shtaka la kwanza likishasomwa, utasikia karani akiongeza: "Shtaka la pili, kumzuia afisa wa polisi kutekeleza kazi yake."

Mshtakiwa hulisikia hilo la pili kama nyongeza tu. Kumbe pengine ndilo zito kuliko la kwanza.

Nchini Kenya kosa hilo linapatikana katika sheria mbili. Kifungu cha 253 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa mtu anayemshambulia, anayempinga au anayemzuia kwa makusudi polisi aliye katika kazi yake halali, na adhabu yake hufika miaka 5 jela. Halafu iko Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, kifungu cha 103. Maneno yake yanakaribiana na hayo, ila adhabu imepanda: faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa hiyo ukipewa hati ya mashtaka, usiishie kusoma jina la kosa. Tafuta namba ya kifungu, imeandikwa hapo hapo.

Neno linalobeba shtaka lote ni "halali". Haitoshi upande wa mashtaka kuonyesha kwamba palikuwa na purukushani. Lazima uthibitishe kwamba aliyezuiwa alikuwa polisi, kwamba wakati ule alikuwa akifanya kazi anayoruhusiwa na sheria, na kwamba mshtakiwa alimzuia kwa kukusudia. Hapo katikati ndipo kesi nyingi huyumba.

Chukua kijana wa bodaboda aliyeegesha karibu na soko. Anakuja mtu kavaa fulana na kandambili, haongei, ananyoosha mkono kwenye ufunguo wa pikipiki. Kijana anaushikilia. Wanavutana, ufunguo unapinda, watu wanajaa. Kama yule ni polisi asiye na sare na hakujitambulisha, kijana ana la kusema: alidhani anaibiwa. Kifungu cha 10 cha Kanuni ya Adhabu kinamlinda mtu aliyekosea kuhusu ukweli wa jambo, mradi aliamini kwa dhati na kwa sababu za maana. Lakini akifika afande wa pili mwenye sare, akasema "sisi ni polisi, toa ufunguo", na kijana akazidi kuvuta, utetezi ule umekwisha. Hakimu atauliza sana kuhusu hiyo dakika ya pili, kuliko ile ya kwanza.

Sasa twende Lamu, jetini. Afisa anataka kuzuia boti, nahodha anauliza, "Kwa kosa gani, afande?" Swali hilo si kuzuia kazi. Ibara ya 49 ya Katiba inampa aliyekamatwa haki ya kuambiwa mara moja sababu ya kukamatwa, tena kwa lugha anayoielewa. Hata akiuliza kwa sauti ya juu, na jetini nani haongei kwa sauti ya juu, bado ni swali. Akiizungusha kamba mkononi na kumsukuma afisa kifuani, hapo tumetoka kwenye maswali.

Polisi naye ana mipaka yake. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inasema kukamata ni kuugusa mwili wa mtu au kumzuia asiondoke, isipokuwa mwenyewe amekubali kwa neno au kitendo. Akipinga kwa nguvu, polisi anaruhusiwa kutumia njia zinazohitajika, lakini si kumbana kupita kiasi cha kumzuia asitoroke. Na Jedwali la Sita la ile sheria ya 2011 linamtaka aanze na njia zisizo za nguvu. Ndiyo maana fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha, ina uzito kortini pande zote mbili. Afisa huja na yake kuonyesha alivyoumizwa. Mshtakiwa aliyevunjwa jino huku hana P3 amebaki na maneno matupu.

Kesi yenyewe inaweza kuishia njiani. Mashtaka yanaweza kuondolewa. Mashahidi wa serikali wakimaliza na hakimu asione cha kujibiwa, mshtakiwa anaachiliwa bila hata kujitetea. Akikutwa na kesi ya kujibu, anajitetea, kisha hukumu. Na ajue kwamba mashtaka mawili ni mawili kweli: la leseni likianguka, la kumzuia afisa linaweza kusimama peke yake.

Akipatikana na hatia, miaka 5 au 10 ni dari, haina maana kwamba ndiyo atakayopewa. Hakimu hutazama kama afisa aliumizwa, kama silaha ilitumika, kama ni kosa la kwanza, na siku ambazo mtu ameshakaa rumande. Anaweza kutoza faini badala ya jela. Asipoilipa, kuna vipimo: faini inayozidi shilingi 15,000 hadi 50,000, kwa mfano, kifungo chake cha badala hakizidi miezi 6. Kuna pia kazi ya jamii chini ya sheria ya 1998, na kifungo cha nje chini ya afisa wa probesheni, ambaye huja mtaani kuuliza wazazi na majirani kabla ya kuandika ripoti. Akina mama wengi humwona afisa huyo wakadhani ni polisi mwingine, wakamficha habari. Mwambieni ukweli, ripoti yake ndiyo hakimu anayoisubiri.

Lakini hayo yote huamuliwa mapema mno, pale karani anapouliza, "Ni kweli au si kweli?" Kijana amechoka, amesikia kwamba ukikubali unapigwa faini ndogo unaenda nyumbani. Anajibu, "Ni kweli." Moyoni anakubali kwamba walivutana, basi. Hajakubali kwamba kazi ya afisa ilikuwa halali wala kwamba alikusudia kuizuia. Kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973 iliweka utaratibu: baada ya mtu kukubali, asomewe maelezo ya tukio na aulizwe kama ni sahihi. Akisema, "Ni kweli mheshimiwa, lakini sikujua ni polisi," hakimu anatakiwa aandike kwamba amekana.

Asiposema hiyo "lakini", rekodi ya hatia itajitokeza siku atakapokwenda kuomba cheti cha tabia njema ili apate kazi Ughaibuni. Rufaa nayo ina siku 14, ya Malindi ikisikizwa Mahakama Kuu papo hapo mjini na ya Lamu ikipelekwa Garsen, na kwa kawaida aliyekiri kosa hawezi kupinga hatia yenyewe. Anabaki kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu tu.