Pikapu ya tabo inagonga? Usiisingizie tabo kabla hujasikiliza

Dhana inayowagharimu wenye pikapu kuliko zote ni hii: injini ikigonga, basi tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini kwa nguvu ya gesi ya eksozi) imekufa. Tabo inafunguliwa, inabadilishwa, gari linawashwa, na mlio uko palepale. Shafti ya tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kitu cha kasi hiyo kikiharibika hupiga mluzi au hulia kama king'ora, hula oili na kutoa moshi wa bluu. Hakigongi ko, ko, ko hadi ukaweza kuhesabu. Sehemu ya tabo inayochakacha kweli ni kile kilango cha kupitishia gesi ya ziada. Kipini chake kikilegea utasikia kama sarafu ndani ya kopo, hasa unapoachia mafuta.

Mlio mzito wa kugonga unaotoka chini ya injini, unaozidi unapokanyaga mafuta na oili ikishapata moto, nauhesabu kuwa beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki, shafti kuu ya injini) mpaka nithibitishiwe vingine. Kipimo chake ni kuzima silinda moja moja. Ile ambayo ikizimwa mlio unapungua, ndiyo yenye ugonjwa. Kwenye dizeli za kisasa kazi hiyo ifanywe kwa kompyuta ya kupimia. Usilegeze paipu za nozeli, yaani zinazopeleka mafuta kwenye vinyunyizio vya silinda, injini ikiunguruma, kama ilivyozoeleka kwenye dizeli za zamani: shinikizo la humo huweza kupita baa 1,000, na mafuta hupenya ngozi kama sindano. Jeraha lake huonekana dogo, lakini linahitaji hospitali mara moja.

Wapo wanaoshauri kuweka oili nzito. Mlio utafifia kweli, ila chuma kilicholika hakirudi, na injini ikiwa baridi oili hiyo huchelewa kuifikia tabo.

"Dizeli zote hugonga" ni nusu ya ukweli. Mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, kwa hiyo mlio fulani ni wa asili. Mlio mpya, mkali, wa silinda moja, si wa asili, shuku nozeli.

Kwa petroli, mchakacho kama wa kokoto unapopanda mlima na mzigo mara nyingi ni mafuta ya oktani ndogo (oktani ni kipimo cha petroli kustahimili kulipuka yenyewe). Tabo huongeza shinikizo na joto, na sehemu ya mchanganyiko hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Oktani iliyoagizwa na mtengenezaji wa gari hutibu hilo tu. Ukishaijaza na kelele isibadilike, tafuta kwingine.

Kabla ya kufungua chochote, injini ikiwa baridi, gonga kwa ngumi bati la kukinga joto la eksozi. Likilegea hupiga kelele ya kutisha bure. Na ile tiki-tiki ya asubuhi inayopotea injini ikipata moto, ambayo husingiziwa tapeti (visukumio vya vali), mara nyingi ni manifoldi ya eksozi, bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, inayovuja.

Ule mlio wa kugonga wa chini ukija pamoja na taa ya oili, zima injini hapohapo na gari livutwe. Hata mwendo mfupi wa kufika gereji unaweza kuimaliza kranki.